Samaki wa Birika la Fuma

Watu wa bara wakisikia kwamba niliwahi kufuga samaki nikiwa kisiwani, hucheka. Bahari imekuzunguka pande zote, wa kufuga wa nini? Mimi huwaacha wacheke washibe. Kisha huwaambia kwamba hawakuwa samaki wa bahari. Walikuwa wa maji matamu, niliwatia ndani ya birika la maji ya mvua la nyumba yetu huko Fuma, vita vikiwa vimepamba moto, na katika mambo yote niliyoyafanya maishani mwangu hilo ndilo ninalojivunia bila haya. Mengine huyasimulia macho nimeinamisha kidogo. Hili hulisimulia nikiwa nimesimama.

Tulifika Fuma tukitokea Kismayo, mimi, baba na mdogo wangu wa kike. Mji huo ulikuwa umetekwa na huyu na yule mara nyingi hata hatukujua asubuhi tumwamkie nani. Duka la dawa la mtaani kwetu lilivunjwa likabebwa mpaka rafu zake. Mume wa mdogo wangu alikuwa baharia, na vita vilimkuta yuko Mombasa, akakosa njia ya kurudi. Mimi nilikuwa sijaolewa, na ndugu walisema sababu ni ulimi wangu. Sikubishana nao, maana ulimi huo huo ndio uliotupatia nafasi mashuani siku ya kukimbia. Mdogo wangu alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Mwenyeji wetu Fuma alikuwa shangazi, dada wa baba, mkunga aliyezalisha nusu ya watu wa visiwa vile. Uani kwake kulikuwa na birika la zamani la kukingia maji ya mvua, lililopasuka miaka mingi na kugeuka malalo ya kuku. Visima vya kisiwa vina maji ya chumvichumvi, na sisi wakimbizi tulikuwa tumejaa hadi msikitini, kwa hiyo baba na majirani waliamua kulifufua. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakapiga lipu, wakaisugua kwa mawe laini hadi ikang'aa. Mvua ya kwanza iliyoingia tuliifulia nguo na kuimwaga, kwa sababu maji ya chokaa mpya huchubua ulimi. Mvua ya pili ndiyo iliyolijaza. Maji yalikuwa matamu na baridi, na yalizitosha nyumba zote za upande wetu. Siku ile tulipika wali kwa maji matupu ya mvua tukala kama watu wa arusi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mbu walipojua kwamba kuna nyumba mpya. Ukichota maji asubuhi, unaona viluwiluwi vyao vinajinyonganyonga ndani ya kata. Tuliyachuja kwa nguo tukanywa, lakini vilivyobaki birikani viliota mbawa vikatufuata vitandani. Mdogo wangu akashikwa na homa. Alitetemeka siku kadhaa, meno yanagongana, huku ameshika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba mtu anataka kumpokonya. Shangazi alimnywesha mwarobaini, akamfukiza, akamsomea. Homa ikaondoka. Shangazi hakushangilia. Aliniita nyuma ya jiko.

"Homa ya pili mwana hastahimili," aliniambia. "Hapa hapana dawa, hapana daktari. Mwezi ukiandama na imbu wali vivi hivi, mimi simzalishi hapa. Huchiwa mashuwani akapekwa Kiunga."

Yaani mdogo wangu atiwe mashuani apelekwe Kiunga, na Kiunga iko Kenya. Kutoka Fuma ni mwendo mrefu katika mashua isiyo na paa, unapita Ras Kamboni, na siku zile wenye bunduki walikuwa wakisimamisha vyombo na kupekua hadi matiti ya wanawake. Nilimjua mwanamke aliyejifungulia katika safari kama hiyo. Alishuka peke yake, mikono mitupu.

"Na kama tukiua mbu?" niliuliza.

"Kwa kichu gani? Mafucha ya taa nnayo, nimimine birikani?"

"Tunywe mafuta ya taa, shangazi?"

"Basi nipe shauri lako, we mwenye maneno."

Nikakumbuka birika la msikiti uliokuwa karibu na kwetu Kismayo. Ndani yake waliishi samaki wadogo, wembamba, wa urefu wa kidole, na hakuna aliyewahi kuona kiluwiluwi mle. Wazee walikuwa wakisema birika bila samaki ni ghala bila paka. Nilimwambia shangazi nitatia samaki birikani, na mwezi ukiandama maji yatakuwa safi. Nililisema kwa sauti kubwa, na majirani wakasikia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Birika la Kismayo hatukuweza kulifikia. Lakini ng'ambo yetu, barani, nyuma ya vilima vya mchanga, kulikuwa na bwawa la mvua ambako wafugaji hunywesha ng'ombe, na baba alikumbuka kuona samaki wadogo mle. Akajitolea kwenda. Mtu gani angebisha? Baba alikuwa mvuvi wa kasa, na kwetu kasa huvuliwa kwa samaki. Kuna samaki aitwaye chazo, mwenye kibao kichwani cha kujibandikia. Unamfunga uzi mkiani, unamwachia karibu na kasa, akimnasa unavuta wote wawili. Chazo mzuri hafugwi siku moja. Baba alikuwa akimweka ndani ya mashua, katika maji, anamlisha kwa mkono wake, anambadilishia maji asubuhi na jioni, anamsalimu kabla ya kutusalimu sisi. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ana mke mwenza mwenye mapezi. Kwa hiyo baba alipochukua dumu lake na kusema, "Mambo ya isi niachieni mimi," tulimwachia. Isi ndivyo tuitavyo samaki.

Alirudi siku ya pili, kifua mbele. Watu wakakusanyika uani. Baba akafungua dumu, akamimina ndani ya beseni, na samaki wote wakaibuka matumbo juu, weupe, wamekufa.

Mimi nikachovya kidole katika maji ya dumu nikakiramba. Chumvi tupu.

"Baba, umewatia maji ya bahari?"

"Kila nkiona wamechoka nliwapa mai mapya," alijibu, anashangaa kweli. "Isi hafi kwa mai mapya, mwanangu. Chazo wangu hakufa."

"Chazo ni wa bahari! Hawa ni wa mvua!"

Njia nzima, mkono wake ulikuwa ukichota maji pembeni mwa mashua na kuwaburudisha, kama ulivyozoea miaka yote. Kwa huruma yake aliwaua mmoja mmoja. Shangazi aliwatazama wale samaki, akamtazama kaka yake, akasema, "Nduyangu, Mngu amekupa makuu. We ndiwe mchu wa kwanza kuwafisha isi maji." Uani kukaangua kicheko. Hata baba alicheka mwishowe, akifuta macho. Mimi nilicheka pia, kisha nikamwona mdogo wangu. Alikuwa ameingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta anakunja nguo za mtoto, zile chache alizonazo, anazifunga katika leso kwa ajili ya safari ya Kiunga. Nilifungua lile fundo nikazitandika tena kitandani. Hasira niliyoisikia siku ile sijapata kuisikia tena. Sikumkasirikia baba. Nilikasirikia vita, mbu, bahari, na yeyote aliyedhani kwamba mdogo wangu atazalia juu ya mbao za mashua.

Safari ya pili nilikwenda mwenyewe. Baba alinivusha, tukaiacha mashua kwenye mikoko, tukapanda vilima vya mchanga. Kwa mbali tuliona vumbi la gari, tukajificha vichakani mpaka likapita. Bwawani tukamkuta mwanamke wa Kisomali ananywesha mbuzi. Mimi nikakunja nguo, nikaingia majini na leso yangu, nikaitandaza chini ya maji kama wanawake wa kwetu watandavyo uduvi. Lakini leso ya kutandia hutaka watu wawili, na baba goti lake halikubali kukunjika. Kila nikiinua upande mmoja, samaki wanatorokea wa pili.

Yule mwanamke alitutazama weee, kisha akaniuliza kwa Kisomali kama bahari yetu imekauka.

Nikamjibu kwa lugha yake kwamba bahari ipo, ila mbu wa kwetu hawali chumvi. Nikamweleza habari ya birika, homa, na mdogo wangu. Alicheka kwanza, tena sana. Ilipofika habari ya mimba hakucheka tena. Watu wake hawali samaki, na naamini hakuwahi kumgusa hata mmoja. Alivua viatu, akaingia bwawani akasonya, akashika pembe mbili za leso yangu. Tulivuta pamoja. Kila samaki akimrukia mkononi alipiga kelele, na hakuachia leso. Tulipoagana aliniambia mtoto akiwa wa kike nimfundishe kuchunga mbuzi, kazi isiyolowesha nguo.

Njiani kurudi nilimkalisha baba mwisho wa mashua na dumu nikalipakata mimi. Mkono wake ulikuwa unamwasha. Mara mbili nilimwona anauteremsha majini, nikakohoa, akaurudisha mapajani. "Nnanawa tu," akasema. Nikamwambia atanawa akifika.

Tulipofika nilikuwa tayari kuwamwaga samaki birikani mara moja, nionekane nimeshinda. Baba ndiye aliyenizuia, na hapo ujuzi wake wa chazo ulitufaa kuliko dhahabu. Alisema samaki hapendi kushtuka. Maji ya bwawa yalikuwa ya uvuguvugu na tope, ya birika ni baridi na yana chokaa bado. Basi tukaliweka dumu kivulini, tukawa tunatia kopo moja la maji ya birika, tunakaa, tunatia jingine, tangu alasiri hadi magharibi. Kisha tukawatia birikani wachache tu, wengine tukawabakisha mtungini kama akiba. Baba akashusha chini ya birika chungu kilichovunjika ili wapate pa kujificha, akapanga mawe ya matumbawe pembeni. Makuti ya kufunikia tukayasogeza upande mmoja, mwanga uingie upande wa pili. Na kila asubuhi nilichota ndoo ya maji nikayamwaga humo humo kutoka juu, yafanye povu, kwa sababu baba alisema maji yaliyotuama yanaishiwa pumzi. Majirani waliokuwa wakinipita na mitungi walidhani nimerukwa na akili.

Asubuhi ya kwanza mmoja alikuwa amekufa. Shangazi alimtoa kwa kata, akaniwekea juu ya jiwe la kufulia, akarudi jikoni. Ningependa angenikaripia. Nilikaa pale ukingoni mpaka jua likanichoma utosi, nikisubiri wa pili aibuke. Hakuibuka. Jioni nikaona mkia unapita chini ya chungu, kisha mwingine. Nikatia na wale wa akiba.

Sasa vita vyangu vilikuwa na binadamu. Mzee mmoja aliuliza kama maji yenye samaki yanafaa kutawadhia. Mwalimu wa msikiti akamjibu kwamba ametawadhia maji kama hayo utotoni mwake kote, na kama udhu wake haukusihi basi na sala za babu zetu zirudiwe. Mzee akachukua kata akatawadha. Wanawake niliwakataza kuvuta ndoo kwa pupa. Kila mtungi ulifungwa nguo mdomoni, na samaki aliyenasa alirudishwa kwa heshima. Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikipindua vifuu, makopo na ngarawa mbovu zilizotuama maji, maana samaki wangu hawakuwa na miguu ya kufika huko. Walionitukana niliwajibu. Sijawahi kutukanwa na watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo, na kila tusi nililipokea kwa moyo mkunjufu.

Aliyenishinda alikuwa mdogo wangu. Alipenda kukaa ukingoni akiwatazama samaki, miguu imevimba ameinyoosha, na kwa mara ya kwanza tangu Kismayo nilimsikia akiimba. Nikaona siku zinakwenda na viluwiluwi havipungui. Siku moja nikamkuta anawatupia wali.

"Wana njaa, masikini," aliniambia.

"Nataka wawe na njaa! Aliyeshiba wali atakula kiluwiluwi kwa nini?"

Alilia, nikajiona mkatili, lakini wali ulikoma. Nilimwachia akae na kuimba. Nikawa nateka maji kila asubuhi katika bakuli jeupe la bati na kulishika juani. Mwanzo maji yalikuwa yanacheza yenyewe kwa wingi wa wale wadudu. Siku zilizofuata viluwiluwi vikawa vya kutafuta. Usiku bado mbu walikuwepo, wale wazee wao, wakituimbia masikioni, lakini watoto hawakuwa nao tena. Kisha ikafika asubuhi nilipozungusha bakuli, nikalizungusha tena, nikamwita baba mwenye macho ya kuona kasa kutoka maili nzima, naye akasema, "Hamna kichu."

Mwezi ulipoandama, shangazi hakungoja nimwite. Alikuja uani na bakuli lake mwenyewe, langu hakuliamini. Akateka maji. Akaliinamisha juani, akatazama, akaligeuza, akatazama tena. Watu walikuwa wamesimama na mitungi yao, hakuna aliyechota. Mdogo wangu alisimama mlangoni ameshika nguzo. Shangazi akasema bismillahi, akanywa lile bakuli lote bila kuchuja, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Tandikani kitanda," akasema. "Mwana huzaa hapa."

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi kisiwa cha jirani, Darakasi. Baba naye alipiga, na mwanamume hapigi kigelegele kwetu, lakini siku ile hakuna aliyemkumbusha. Tulikumbatiana hadi tukamwaga mitungi ya watu.

Mdogo wangu alijifungua kabla ya mwezi ule kufikia nusu, asubuhi, jua limepanda. Hakuna homa iliyorudi. Mimi ndiye niliyechota maji ya kumwogeshea mtoto, nikayachuja mara mbili. Alikuwa wa kike, mwenye sauti, na shangazi alipommwagia yale maji ya kwanza alipiga kelele za kudai haki yake. Shangazi akanitazama. Nikajua sasa nitasifiwa, nikajiweka sawa.

"Ukimaliza kuringa," akaniambia, "nitilie isi katika dumu. Darakasi nina mwanamke wa mimba ya miezi saba."

Wakati huo samaki walikwisha kuzaana. Vitoto vyao vilijaa chini ya chungu, vyembamba kama ukucha uliokatwa. Nilimtilia. Watu wengine wakaja wenyewe kutoka visiwa jirani, na mitungi, na masufuria, mmoja na buli la chai. Kila aliyekuja baba alimpa wasia ule ule, kwa ukali wa mtu anayejua: "Usitie mai ya bahari!" Alilisema kana kwamba ni jambo alilosoma kitabuni. Hatukumharibia.

Vita havikutuacha. Wenye bunduki walianza kufika visiwani, wakachukua nyavu, kisha mashine za mashua, kisha watu, na mwisho hata shangazi alikubali kwamba kukaa ni kungoja zamu. Tuliondoka kwenda Kiunga, ile safari niliyoiogopa, kupitia Ras Kamboni, katika mashua isiyo na paa. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuota meno mawili, na mama yake alikuwa mzima, mwenye nguvu za kushika ubao kwa mkono mmoja na mwanawe kwa mkono wa pili. Nahodha alituhesabu tulipopanda, kama ilivyo desturi, akauliza nyumba yetu imepungukiwa na nani, kwa maana siku zile kila nyumba iliyopanda ilikuwa na jina la aliyekufa au aliyechukuliwa la kumtajia. Baba alinigeukia mimi.

Nikajibu mimi. Nikamwambia sisi hatukupungua. Sisi tumezidi.